Alhamisi Nne za Heshima

Tangazo lilinikuta nikiwa nimeosha mguu mmoja. Nilikuwa uani natawadha kwa ajili ya adhuhuri, redio iko dirishani kama siku zote, na binti anayesoma matangazo ya vifo akasema kuwa familia ya Mzee Nkwabi wa Choma, wilayani Igunga, inasikitika kutangaza kifo cha mzee wao. Mazishi ni kesho, Alhamisi, alasiri. Habari ziwafikie watoto wake popote walipo, wajukuu, waumini wenzake wa kanisani na, mwisho kabisa, Mzee Kapela wa Ntalikwa, mtani wake. Nikasema yale tunayosema tukifikiwa na habari ya namna hiyo, nikaosha mguu wa pili, nikaingia ndani kuswali. Nakiri kwamba kwenye tahiyatu nilijikuta natabasamu, na mtu anayetabasamu juu ya mkeka wa sala dakika chache baada ya kusikia msiba hana budi kujieleza.

Siku hizi naitwa babu hata na watu tusiofahamiana, na ndevu zangu hazina tena unywele mweusi wa kunitolea ushahidi. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Wapo watakaosema huo si ujana. Mwalimu wangu, Maalim Sudi, alikuwa na kipimo chake: mtu ni kijana mpaka amalize kitabu alichokianza, na mimi changu kilikuwa nusu. Asubuhi nilisomesha watoto madrasa, jioni nilikaa mbele yake na kusomeshwa, na sikuwa na nia ya kufanya jambo jingine lolote duniani. Kilichonitoa kwenye mkeka ule ni robo saa ya alfajiri. Redio ya jamii ilikuwa imefunguliwa mtaani Kanyenye, hapa Tabora mjini, wakatafuta mtu wa kusoma Kurani kabla ya taarifa ya kwanza, na Maalim akanitaja mimi.

Redio yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza, kabati la kaseti, na benchi refu ambalo watu walikalia wakisubiri kuandikisha matangazo yao. Cha pili kilikuwa studio, kuta zake zimebandikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini ili sauti isirudi, na dirishani limetundikwa blanketi zito la kuzuia kelele za barabarani. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo ukiwa studio ulisikia kila lililosemwa kwenye benchi: ng'ombe aliyepotea na rangi zake, arusi iliyosogezwa mbele na sababu zisizotakiwa kutangazwa, mama aliyekuwa akimweleza mwenzake jinsi ya kumpa mtoto dawa asiiteme. Mkubwa wetu alikuwa Dada Kalunde, mwanamke mrefu aliyewahi kufundisha shule ya msingi, na ambaye alituita kwa majina yetu yote mawili pale tu tulipokosea.

Siku ya kwanza nilisoma, nikachukua viatu vyangu, nikaondoka. Siku ya pili nikakuta mezani sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vinatafunika kama tende, na karanga za kukaanga pembeni, na chai ya tangawizi. Dada Kalunde akasema kwamba mtu hawezi kuwaamsha watu wa Tabora nzima halafu aende na njaa. Nikakaa kula, na kwa kuwa nilikaa, nikasikia. Baada ya Kurani ilikuja kwaya ya asubuhi. Baada ya kwaya akaingia bwana shamba, akazungumza juu ya mizinga ya nyuki na namna ya kurina asali bila kuua kundi, akiiga mlio wa nyuki mwenye hasira vizuri hata nikajikuta najikuna. Yakafuata mabishano ya bomba la maji la mtaa fulani, watu wanne kwenye kipaza sauti kimoja, kisha taarab, kisha mkunga mstaafu aliyekuwa na saa yake ya kina mama na ambaye hakuona haya ya neno lolote. Mchana ilipigwa muziki wa dansi wa zamani. Jioni vijana walileta nyimbo mpya kutoka Dar es Salaam, na kabla ya taarifa ya habari ikafunguliwa saa ya ngoma za asili, manyanga ya Unyamwezini na bugobogobo ya wakulima wa Kisukuma, ambamo majembe yenyewe hurushwa juu na kudakwa kwa mdundo.

Mimi nilikuwa mtu wa kaswida peke yake. Sikuwachukia wengine, ila nilidhani kila sauti ina nyumba yake, na mtu mwema hukaa nyumbani kwake. Lakini Dada Kalunde alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja: kila kipindi kikipokee kilichotangulia. Hukuruhusiwa kuingia hewani kama mtu anayeingia chumba kitupu. Mwana kwaya alianza kwa kusema, "Tunamshukuru ustadhi kwa kutuamsha," na bwana shamba akamshukuru mwana kwaya, na mkunga aliwashukuru waimbaji wa taarab kwa kuwaweka kina mama karibu na redio. Siku moja mwana kwaya wetu alipougua, nikatakiwa niifungue kwaya mimi mwenyewe. Nilisimama mbele ya kipaza sauti nikitafuta la kusema, nikasema, "Wenzetu nao sasa wanamsifu Mungu, tuwasikilize." Ni maneno machache. Hadi leo, nikipita sokoni, yupo bibi mmoja wa Kikatoliki ambaye hunisalimia kwa maneno hayo hayo.

Kipindi kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha salamu, Alhamisi saa nne asubuhi. Kijana wa leo, ambaye salamu zake huruka kwenye simu, ajue kwamba zamani hizo salamu ilikuwa na umbo. Ulinunua dukani kadi ya salamu, ukaandika jina lako, majina ya unaowasalimu na mahali walipo, ujumbe mfupi, na wimbo. Ukaileta mwenyewe au ukampa kondakta wa basi. Kadi zilikuja Kanyenye katika bahasha, katika mikunjo ya khanga, moja ilikuja ndani ya mfuko wa unga. Mtangazaji wa kipindi hicho alipokwenda kujifungua, Dada Kalunde akaniangalia mimi. Alisema sauti yangu haina haraka, na watu wanataka majina yao yasomwe na mtu asiye na haraka.

Nilikwenda kumwomba Maalim Sudi ruhusa. Alikuwa chumbani kwake, chumba chembamba chenye mikeka na vitabu vilivyofungwa kwa kitambaa. Hakuwa na redio na hakutaka redio. Upande wa pili wa ukuta wake alikuwapo fundi cherehani. Maalim alinisikiliza, akasema, "Chukua mwaka mmoja. Ulimi wako ni wa kusomea Kitabu. Mwaka ukiisha uje hapa uniambie umeurudishaje. Ukiwa umechafuka, redio basi, utarudi madrasa. Ukiwa safi, nitakuombea dua uendelee." Nikambusu mkono, nikatoka nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimekwisha kuipenda kazi ile kiasi cha kuogopa kuikosa.

Katika kadi za Alhamisi, mbili hazikukosa kamwe. Moja ilitoka Ntalikwa kwa Mzee Kapela, mkulima wa karanga na viazi, Mwislamu, Mnyamwezi. Nyingine ilitoka Choma kwa Mzee Nkwabi, mfugaji, Mkristo, Msukuma. Ujanani walitandika reli pamoja, wakaachana kila mmoja akaenda kwao, na hawakuonana tena mpaka redio ilipowakutanisha hewani. Walikuwa watani. Mji wetu huu ulijengwa na watu wa safari, na wazee walitusimulia kwamba mpagazi akifia njiani, mbali na ukoo wake, aliyemzika alikuwa mtani wake. Yule yule aliyemcheka jana kwa kutembea kama bata ndiye aliyemchimbia kaburi leo. Kwa hiyo mtani ana haki ya kukusema, na ana wajibu wa kukuzika. Nilijua hayo kama kila mtu wa hapa anavyojua. Lakini kujua ni jambo moja, na kuyasoma hewani kwa kinywa kilichosoma Kurani alfajiri ni jingine.

Kapela angeandika: "Namsalimia Nkwabi, mtoto wa ng'ombe. Nasikia amejenga nyumba ya bati, wamelala ndani ng'ombe, yeye kalala nje." Nkwabi angejibu: "Mwambieni Kapela nina magunia matano ya mpunga. Aje ayabebe kichwani kama babu zake, nitampa michembe ya viazi atafune njiani." Choma ilikuwa mbali na mitambo yetu, matangazo yakifika huko kwa kubahatisha, na ilijulikana kwamba Mzee Nkwabi kila Alhamisi alipanda juu ya kichuguu nyuma ya zizi lake, redio begani, ili atukanwe vizuri. Miezi minane niliwasoma kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayevuka matope. Mwezi wa tisa nikasoma kadi ya Kapela iliyosema kwamba ng'ombe wa Choma wamemkataa Nkwabi, wanataka mchungaji anayeoga. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, muumini mmoja akanishika bega mbele ya Maalim Sudi na kusema huku anacheka, "Ustadhi, mchungaji anayeoga amepatikana?" Nikamtazama Maalim. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameuma midomo, vidole viko kwenye tasbihi. Hakusema neno.

Nilikwenda nyumbani na ukimya ule. Nikaona mwaka unakaribia kwisha, nami nitakwenda kumwambia nini? Alhamisi iliyofuata nikaziweka kadi mbili zile mbele yangu, na badala ya kilichoandikwa nikasoma hivi: "Mzee Kapela wa Ntalikwa anamsalimu Mzee Nkwabi wa Choma kwa heshima na taadhima." Na ya pili: "Mzee Nkwabi wa Choma anamtakia Mzee Kapela wa Ntalikwa afya njema na fanaka." Ilikuwa rahisi mno. Wiki ya pili nikaongeza baraka. Wiki ya tatu nikaongeza maisha marefu. Kadi zenyewe sikuzitupa, kwa sababu kadi ya mtu ni amana, nikazihifadhi kwenye mfuko wa kanzu. Nilihisi nimepata ufumbuzi ambao hakuna aliyewahi kuufikiria, na nilishangaa tu kwamba kadi za Kapela zilizidi kuwa fupi, na ya wiki ya nne ilikuwa na majina tu, ujumbe haupo. Nami nikamjazia.

Jumatatu baada ya Alhamisi ya nne, nilipokuwa peke yangu mezani, mlango ulizibwa na mzee mpana mwenye kofia ya pama. Mkono mmoja ulishika kamba ya beberu, mwingine ulishika jembe lililofungwa kwenye gunia. Begani alikuwa na debe la unga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaketi kwenye benchi. Alisema ametoka na basi la alfajiri na hajui mji, anaomba aonyeshwe nyumba ya msiba. Nikachukua kalamu na karatasi ya matangazo kama tulivyozoea, nikamuuliza jina la marehemu.

"Kapela wa Ntalikwa," akasema. "Mtani wangu."

Kalamu ilinitoka. Nikamuuliza kafa lini, sisi hatujapata habari.

"Hamjapata?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Si wewe mwenye sauti? Wewe ndiye uliyenitangazia."

Nikasema mimi sijamtangaza mtu. Akaanza kunieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Alhamisi ile ya kwanza aliposikia kwamba Kapela anamsalimu kwa heshima, alijua ni homa. Mnyamwezi yule hajawahi kumheshimu tangu wakiwa vijana kwenye reli. Wiki ya pili, aliposikia anamtakia baraka, akajua homa imepanda kichwani. Wiki ya tatu, alipoombewa maisha marefu, alishuka kwenye kichuguu akaenda kunoa jembe. "Mtu haanzi kumpenda mtani wake hivi hivi," akasema. "Anaaga. Na wiki iliyopita sauti yako ilisema ananiomba msamaha kwa yote. Nikamwambia mke wangu nitolee beberu."

Dada Kalunde alikuwa amesikia kila neno kupitia ukuta wa mbao. Alitoka studio, akanyoosha mkono, nami nikatoa kadi nane mfukoni nikampa. Akazisoma moja moja. Kisha akaniita kwa majina yangu yote mawili. Akaomba pikapu ya duka la vitambaa, tukampandisha Mzee Nkwabi mbele, mimi nikakaa nyuma na beberu, na njia nzima hadi Ntalikwa beberu yule alinitazama kama anayejua.

Mzee Kapela tulimkuta uani, hai, anabangua karanga kwenye ungo. Alikuwa mtu mdogo mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alimwona Nkwabi, akamtambua, nililiona hilo. Nkwabi alitupa debe chini akafungua mikono. Lakini Kapela aliinuka taratibu, akajifuta mikono, akasema, "Karibu, mgeni wetu. Karibuni kiti." Akaita aletewe maji. Nimeshuhudia watu wakigombana kwa mapanga sokoni, ila sijawahi kuona neno lililomkata mtu kama lile "mgeni wetu" lilivyomkata Nkwabi. Mikono yake ilishuka. Akaketi kwenye kiti alichopewa, kofia magotini, na wote wawili wakaulizana hali ya mvua.

Hapo nilielewa nilichokifanya. Kapela naye alikuwa amesikia heshima zile kutoka Choma, akaamua kwamba Nkwabi amekuwa tajiri, au mcha Mungu, au mwenye hasira, kwamba kwa vyovyote utani umekatwa. Ndiyo maana kadi zake zilipungua maneno. Watu wawili waliokuwa wamehifadhiana miaka thelathini walikuwa wanaketi pale wakiuana kwa adabu, na adabu ile niliitengeneza mimi. Ningeweza kunyamaza. Nikapiga magoti kwenye mchanga, kati ya viti vyao, nikawaambia.

Kuku walikuwa wanakula karanga zilizomwagika. Mwishowe Kapela akauliza kadi zenyewe ziko wapi, nikamjibu kuwa Dada Kalunde amenirudishia, ninazo. "Basi soma," akasema. "Zote. Kwa sauti ile ile ya alfajiri."

Nikasoma. Sikuwa na sauti nyingine, kwa hiyo nilisoma kwa ile niliyofundishwa, taratibu, kila herufi kwenye pahala pake, kwamba mke wa Nkwabi anamtambua mumewe kwa kuhesabu ng'ombe kisha kuondoa wenye pembe. Kwamba Kapela ni mfupi kwa kuwa babu zake walibeba mizigo mizito mpaka urefu ukaisha ukoo mzima. Kadi ya tatu Nkwabi alianza kutikisika mabega. Ya tano Kapela alishika tumbo. Ilipofika ya saba majirani walikuwa wamekuja kwenye ua, na mimi mwenyewe nikashindwa kuendelea, machozi yananitoka, na mwanamke mmoja jirani ikabidi anipokee kadi amalizie.

"Kumbe hujafa," Nkwabi akasema alipopata pumzi. "Nimelibeba jembe bure."

"Jembe halibebwi bure," Kapela akamjibu. "Matuta ya viazi yale pale. Ulikuja kuchimba, chimba."

Na alichimba. Mzee wa miaka sitini, na kofia yake ya pama, alilima tuta zima huku Kapela akimfuata nyuma akimwonyesha makosa. Beberu walinipa mimi kisu nimchinje, ili tule sote. Tulikula alasiri ile ugali na nyama na mlenda, Waislamu na Wakristo kwenye sinia moja, na asali ikaja mwisho. Wakati wa kuondoka Nkwabi alitaka jembe lake. Kapela akakataa. Alisema limefanya kazi kwake, ni la kwake. Atalirudisha siku ya kumzika mwenyewe.

Nilikwenda kwa Maalim Sudi kabla ya mwaka kutimia, kwa kuwa sikuona maana ya kusubiri. Nilimweleza yote nikiwa nimeinamisha kichwa, tayari kurudi madrasa. Akaniuliza, "Matusi yale yalikuwa ya nani?"

"Ya wenyewe, Maalim."

"Walikutuma uyafikishe?"

"Walinituma."

"Na zile heshima?"

Nikasema zilikuwa zangu, hakuna aliyenituma.

"Hapo basi ndipo ulipouchafua ulimi," akasema. "Uliogopa kusema mzaha, ukasema uongo. Mtume wetu alitaniana na masahaba wake, na hata katika mzaha hakusema ila kweli. Mjumbe hauawi kwa kufikisha. Kwa kubadilisha, sijui." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, akaongeza kwamba yeye naye alipata wasiwasi. Fundi cherehani hufungulia redio yake kwa nguvu, na ukuta ni mwembamba, mtu afanyeje? "Alhamisi ya tatu nilijua Kapela ni mgonjwa. Nilimsomea dua." Nikathubutu kumuuliza mbona Ijumaa ile ya mchungaji anayeoga alininyamazia, nami nikadhani amekasirika. Maalim akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Niliuma midomo," akasema, "nisicheke msikitini." Akainua mikono akaniombea dua. Nilikaa kwenye kipindi cha salamu mpaka ndevu zikageuka rangi, na kitabu changu nacho nilikimaliza, alhamdulillahi, yeye akiwa hai kushuhudia.

Ndiyo hayo niliyoyatabasamia juu ya mkeka. Nilipomaliza sala nilikwenda Ntalikwa. Mzee Kapela sasa haoni vizuri na hatembei bila mkono wa mtu. Alikuwa amekwisha sikia tangazo. Aliketi ukumbini, jembe limeegemezwa ukutani karibu yake, mpini umebadilishwa sijui mara ngapi. Hakulia mbele yangu. Aliniambia nichukue kadi, nami nikamwambia kadi za salamu haziuzwi tena popote. Nikakata jalada la daftari la madrasa. "Andika kama nisemavyo," akasema. "Wewe nakujua."

Zuhura, binti anayeendesha salamu siku hizi, sasa zikiwa saa nane mchana, aliisoma kadi mara mbili mbele yangu. Ni msichana mwenye adabu, amelelewa vizuri. Akasema, "Babu, mtu kafa. Nikisoma hivi si nitawaumiza wafiwa? Niseme tu Mzee Kapela anamwombea apumzike kwa amani." Nikamwambia kwamba maneno hayo ni mazuri sana, na kwamba nawajua watu wawili ambao nusura yawatoe roho. Nikamsimulia kwa ufupi. Akaahidi.

Alhamisi nilikuwa Choma na jembe. Walikuwa wamemchimbia kaburi chini ya kichuguu chake, wakabakisha sehemu ya mwisho kwa ajili ya jembe la Ntalikwa, kwa kuwa binti yake mkubwa, Mama Ngollo, alijua habari yake na alisema halitakosa kuja. Wajukuu walikuwa wamepandisha redio juu ya kichuguu, mahali pake pa zamani, ingawa siku hizi masafa yanafika hata sebuleni. Saa nane ilipofika watu wakanyamaza. Sauti ya Zuhura ilitetemeka mwanzoni, ikatulia:

"Kapela wa Ntalikwa anamsalimu Nkwabi, aliye chini ya kichuguu chake Choma. Mtani, maisha yako yote ulikuwa mvivu, sasa umepata kazi unayoiweza, kulala. Jembe lako nimelirudisha, usije ukasema huko kwamba Mnyamwezi alikuibia. Na usijivunie kutangulia. Nakuja nyuma yako, nakuja mikono mitupu, na safari hii mzigo utaubeba wewe. Naomba bugobogobo."

Mama Ngollo akaangua kicheko, kicheko kile kile cha baba yake, cha kutikisa mabega, na mkutano wote wa wafiwa, mchungaji wao akiwamo, ukamfuata, wengine wakicheka na wengine wakilia, na ngoma ikaanza kulia juu ya kichuguu. Nilishuka kaburini nikachimba sehemu iliyobakizwa. Nilipotoka, Mama Ngollo alilipokea jembe, akapitisha kidole kwenye makali yake, akatikisa kichwa.

"Miaka yote hii," akasema, "na amelirudisha butu. Mwambie huyo mbeba mizigo aje alinoe mwenyewe. Na asithubutu kufa kabla hajaja."

Nikatoa kalamu, nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno.